Baiskeli kwa Siha: Nasaha kwa Mwenye Kuanza



Katika maswali yatufikiayo juu ya siha ya miili, liko moja ambalo huja kwa sura nyingi na maana yake ni ile ile. Mtu amekwenda kwa daktari, amepimwa, akaambiwa kuwa sukari imeanza kupanda au presha si njema, na kwamba pamoja na dawa yampasa afanye mazoezi ya viungo. Akitoka pale hajui aanzie wapi. Mpira wa miguu wataka vijana. Kukimbia kwaumiza magoti yaliyozoea kukaa. Na vyumba vya mazoezi vya mijini vyataka ada kila mwezi. Basi hurejea nyumbani na karatasi ya dawa mkononi, na nusu ya maneno ya daktari huiacha mlangoni pa hospitali.

Jawabu letu la mwezi huu ni fupi: apande baiskeli. Lakini jawabu fupi lataka maelezo marefu, kwani aanzaye vibaya huacha upesi, na aanzaye bila ya kujua huenda akaumia.

Chombo tulichokidharau

Baiskeli si kitu kigeni kwetu. Katika mwambao wetu mzima, baiskeli ndiyo iliyowapeleka wazee wetu shamba, dukani na msikitini. Ndiyo iliyobeba samaki kutoka pwani, na madafu, na mikate, na watoto wawili watatu juu ya keria. Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, na baadaye Phoenix iliyotoka Shanghai, China, ni majina yaliyojulikana hata na watoto wadogo.

Leo jambo limegeuka. Baiskeli imekuwa machoni pa wengi alama ya ufukara. Kijana apatapo fedha za kwanza hufikiri pikipiki, na mzee apatapo nafasi hungoja gari hata kwa safari ya mwendo wa robo saa. Hatusemi kuwa pikipiki na gari ni vibaya; vina kazi zake. Twasema kuwa tulipoiacha baiskeli tuliacha pamoja nayo mazoezi tuliyokuwa tukiyafanya bila ya kujua kuwa ni mazoezi. Babu hakuwa na haja ya kuambiwa afanye riadha. Riadha yake ilikuwa katika njia ya kwenda na kurudi.

Faida yake ni nini khasa?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 mpaka 300 kila wiki. Na watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Mtu akitazama hesabu hii ataona si kubwa: nusu saa kwa siku, mara tano kwa wiki, yatimiza dakika 150. Mwenye kazi iliyo umbali wa robo saa kwa baiskeli ameshapata nusu saa yake, kwenda na kurudi.

Mwaka 2000 wataalamu wa Denmark walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wapatao 30,000 wa mji wa Copenhagen, waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walikuta kwamba wale wasiokwenda kazini kwa baiskeli walikufa kwa kiasi cha asilimia 39 zaidi kuliko waendao kwa baiskeli, hata baada ya kutia katika hesabu mambo mengine kama uvutaji wa sigara na mazoezi ya wakati wa mapumziko. Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, lakini sababu tumeamrishwa tuzifanye.

Kwa mwenye maradhi ya sukari faida yake ni dhahiri. Misuli ya mapaja ni mikubwa, na ifanyapo kazi huivuta sukari iliyo katika damu ikaitumia, hata kwa yule ambaye insulini ya mwili wake imekuwa dhaifu. Na kwa mwenye magoti mabovu au mwili mzito, baiskeli ina rehema ambayo kukimbia hakuna: uzito wa mwili hubebwa na tandiko, wala miguu haigongi chini kwa kila hatua.

Kuchagua baiskeli

Mwenye kuanza hana haja ya baiskeli ya mashindano. Ile yenye usukani ulionyooka au uliopinda kuja kwa mpandaji, inayomkalisha wima, na yenye tairi nene kidogo, ndiyo imfaayo katika njia zetu za mchanga na mashimo. Kama ina gia ni vyema. Kama haina, hapana dhara maadam njia si ya milima.

Jambo la kwanza ni kimo. Msimamie baiskeli kwa kuivuka, nyayo zote mbili chini: kama ina bomba la juu, sharti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu baina yako na bomba. Baiskeli kubwa kupita kimo chako usiichukue hata ukiuziwa kwa bei ya bure, kwani siku utakapotaka kusimama ghafla mguu hautafika chini.

Wengi wetu hununua zile zilizokwisha kutumika, zije kutoka Ujapani au Ulaya. Si vibaya, baadhi yake ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Lakini zitazameni kwa macho ya mnunuzi wa ng'ombe. Tazameni viungo vya fremu kama vina ufa au kutu iliyokula chuma. Inueni gurudumu mlizungushe: likiyumba kushoto na kulia, lataka kazi ya fundi. Shikeni breki zote mbili na msukume baiskeli: isende. Na mjue pia mkono upi wafunga gurudumu lipi, kwani baiskeli hazikutengenezwa zote namna moja. Afadhali kumlipa fundi kidogo aje pamoja nanyi kuliko kumlipa sana baadaye.

Tandiko lataka kupimwa

Wengi walioacha baiskeli kwa sababu ya maumivu ya magoti hawakuumizwa na baiskeli. Waliumizwa na tandiko lililowekwa chini mno. Kipimo chake ni rahisi. Kaa juu ya tandiko huku mwenzako akiishika baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke kabisa pasipo kiuno kuinama upande mmoja. Kisha unapoendesha, kanyaga kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, wala si kwa kisigino. Hapo goti litabaki limepinda kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi tandiko li chini. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi li juu mno. Pandisha au shusha kidogo kidogo, kiasi cha nusu ya upana wa kidole, ukajaribu tena.

Mtu mzima asiyejua kuendesha

Wapo watu wazima wengi, wanaume kwa wanawake, ambao hawakupata kujifunza utotoni, na sasa huona haya. Kujifunza si aibu. Aibu ni kuuacha mwili uharibike kwa kuogopa kicheko cha mpita njia. Na njia ya kujifunza si ile ya kushikwa nyuma na kusukumwa huku mtu akipiga kelele.

Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, nacho hakikuwa na pedali. Mpandaji alikisukuma kwa kukanyaga ardhi. Pedali zilikuja miaka mingi baadaye. Mnyororo wa kulivuta gurudumu la nyuma, katika baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana, ulisimama imara kwa kazi ya John Kemp Starley wa Uingereza mwaka 1885. Na tairi la upepo lililetwa na John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama huko Belfast, mwaka 1888. Basi mwenye kujifunza na afuate mpango huo huo wa tarikhi. Fundi azitoe pedali zote mbili, na tandiko lishushwe mpaka nyayo zote zikae chini. Atafute uwanja mpana, mgumu, wenye mteremko mdogo. Atembee amekaa, kisha asukume kwa hatua ndefu, kisha ainue miguu aiache baiskeli iteleze. Macho yatazame mbele, mwendo wa hatua kumi au zaidi, wala yasitazame gurudumu. Kwani baiskeli huelekea yanakoelekea macho. Ajifunze pia kusimama kwa breki kabla ya kujifunza kwenda kwa kasi.

Akiweza kuteleza hatua ishirini bila ya kugusa chini, pedali zirudishwe. Wengine hufika hapo kwa siku moja, wengine kwa wiki mbili; wote wamefika. Tandiko lipandishwe kidogo kidogo kila ajiaminipo, mpaka lifike kipimo tulichokitaja.

Mama zetu na mabinti zetu

Liko jambo ambalo hunong'onwa, nasi twapenda tulitaje waziwazi. Maradhi ya sukari na presha hayachagui baina ya mume na mke. Na katika miji yetu mwanamke akaaye ndani kutwa huwa na nafasi ndogo zaidi ya kutikisa viungo. Baba amwambiaye mkewe afanye mazoezi kama alivyosema daktari, kisha asimpatie njia ya kuyafanya, amempa nusu ya msaada.

Stara yaweza kulindwa juu ya baiskeli. Iko baiskeli ya kike ambayo bomba lake limeshuka chini, hupandwa pasipo kuinua mguu juu. Mnyororo wake uwe na kifuniko kizima, na gurudumu la nyuma liwe na wavu au ubao wa pembeni, ili vazi lisivutwe ndani; hili si pambo, kwani vazi likinaswa na mnyororo au spoki humwangusha mpandaji papo hapo. Ndani avae suruali pana iliyobana kifundoni, na baibui lisiburure. Kwa mahali na wakati, mapema asubuhi akiwa na dada au jirani zake, au uwanja wa skuli siku za likizo kwa ruhusa ya wenyewe. Unguja na Pemba si ajabu kumwona binti wa skuli akiendesha baiskeli na ushungi wake kichwani. Na yule bintiye aijuaye kazi hii ndiye awezaye kumfundisha mama yake.

Mpango wa wiki nane

Haba na haba hujaza kibaba. Wengi huanza kwa pupa: siku ya kwanza saa nzima, siku ya pili kitandani, siku ya tatu baiskeli yatundikwa ukutani. Sisi twapendekeza hivi:

Wiki ya kwanza na ya pili: dakika 10 mpaka 15, siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko baina yake.

Wiki ya tatu na ya nne: dakika 20, siku tatu au nne.

Wiki ya tano na ya sita: dakika 25, siku nne.

Wiki ya saba na ya nane: dakika 30, siku nne au tano.

Dakika tano za mwanzo na za mwisho ziwe za mwendo wa pole, ili moyo upande na kushuka kwa taratibu. Kipimo cha bidii usikitafute katika saa za bei kubwa; kimo kinywani mwako. Ukiweza kusema na mwenzako lakini huwezi kuimba kasida, huo ndio wastani utakiwao. Ukiwa huwezi kusema maneno matatu bila ya kuhema, punguza. Na mwenye gia asitumie ile nzito akidhani ndiyo mazoezi zaidi: pedali zizunguke kwa wepesi, mizunguko 60 mpaka 80 kwa dakika, na magoti yatamshukuru.

Maumivu ya makalio katika wiki mbili za kwanza ni jambo la kawaida, na hupungua mwili uzoeapo. Ganzi ya mikono au miguu si ya kawaida. Hiyo ni dalili kuwa usukani au tandiko halikukaa sawa.

Wakati uliowekwa

Jambo lisilo na wakati halitendeki. Sisi Waislamu tumejaaliwa siku iliyokwisha kugawanywa kwa nyakati za sala, na nyakati mbili zaafiki kazi hii bila ya tabu: baada ya Alfajiri, jua kali halijapanda na magari hayajajaa; na baada ya Alasiri, joto likianza kuvunjika. Mwenye kwenda msikitini kwa baiskeli Alfajiri, na ahakikishe taa zake zinawaka, kisha akarudi kwa njia ya mzunguko, ameshapata mazoezi yake kabla ya chai.

Katika mwezi wa Ramadhani mpango na upunguzwe. Mfungaji hanywi maji mchana, na joto letu halina huruma. Nusu saa ya mwendo wa pole karibu na Magharibi, futari i tayari nyumbani, au baada ya Tarawehe katika njia yenye mwanga, yatosha kuuhifadhi mwili mpaka Idi. Ama mwenye sukari, kufunga kwake na mazoezi yake katika mwezi huo ni mambo ya kushauriana na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye maradhi ya moyo, mwenye kuumwa kifua atembeapo, mwenye kizunguzungu au kuzirai, mwenye presha isiyotulia, na mwenye vidonda miguuni kwa sababu ya sukari, hawa wote wasianze pasipo rukhsa. Atumiaye insulini, au vidonge vya kushusha sukari, ajue kuwa mazoezi yaweza kuishusha kupita kiasi, pengine hata saa kadhaa baada ya kuteremka. Achukue mfukoni tende chache au sukari. Akitokwa na jasho la baridi, akitetemeka, au akihisi njaa ya ghafla na kizunguzungu, asimame mara moja ale. Na yeyote apatwaye na uzito wa kifua njiani asijikaze kiume. Asimame aitishe msaada.

Barabarani

Hapa twawasihi wazazi wasome mara mbili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yasema kuwa watu kiasi cha milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa hiyo mwenye kuanza asikimbilie barabara kuu. Mwezi wa kwanza uwe wa viwanja na njia za mitaani.

Akitoka barabarani, kwetu Tanzania na Kenya apite kushoto, aelekee magari yanakoelekea. Kupita upande wa kulia kukabiliana na magari ni khatari kubwa, ijapokuwa wengi hudhani ni usalama. Asijibanze ukingoni kabisa mpaka kila shimo limyumbishe. Kabla ya kukata kona atazame nyuma, anyooshe mkono upande anaoelekea, ndipo akate. Apitapo kando ya gari lililosimama aache nafasi ya mlango kufunguka. Usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Wala asiweke vipuli vya simu masikioni, kwani masikio ndiyo macho yake ya nyuma.

Kofia ngumu ya baiskeli ivaliwe na mkubwa na mdogo. Ikae sawasawa juu ya kipaji, vidole viwili tu juu ya nyusi, na ukanda ushike chini ya kidevu. Huvaliwa juu ya ushungi mwepesi bila ya taabu, maadam fundo la nywele limeshushwa nyuma. Ikishapigwa katika anguko kubwa, itupwe, hata kama haionyeshi ufa.

Kuitunza

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Kila wiki futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta ya cherahani katika kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa yaliyozidi. Mafuta mengi hushika mchanga, na mchanga husaga meno ya chuma. Mafuta ya kupikia hayafai, huganda. Mwenye kuendesha ufukweni maji yakipwa na aioshe baiskeli kwa maji matamu siku ile ile. Upepo wa tairi utazamwe kila baada ya siku chache. Kiasi chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi legevu humchosha mpandaji, naye hudhani ni udhaifu wake. Na kabla ya kila safari tazama mambo matatu: upepo, breki, mnyororo.

Maneno ya mwisho

Enyi vijana wetu, ninyi mna miguu yenye nguvu na muda mwingi mbele yenu. Msingoje mpaka daktari awaandikie mazoezi katika karatasi. Kila mmoja wenu ajuaye kuendesha na amchukue mmoja nyumbani asiyejua, baba au mama au dada, amfundishe kwa upole na bila ya kumcheka. Nanyi wazee, mkiwaona watoto wenu wanaona haya kupanda baiskeli kwa kuwa jirani ana gari, ipandeni ninyi kwanza. Mtoto hufuata atendalo baba kuliko alisemalo.

Katika nyumba nyingi baiskeli ipo tayari, imeegemezwa uani nyuma ya pipa la maji, tairi zimekwisha upepo. Iteremsheni kwa fundi Jumamosi hii. Gharama yake ni ndogo kuliko ya dawa za mwezi mmoja.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutaeleza juu ya chakula cha mwenye sukari katika nyumba ambayo watu wote hula sinia moja. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.